Maneno kwa Wazazi wa Kakontwe juu ya Hesabu za Egzameni

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wazazi, wafanya kazi na wenyeji wa Kakontwe. Tunayachapa kwa ajili ya wale waliokuwa kazini siku ile.)

Ndugu zetu, wababa na wamama, wafanya kazi wa mgodi na wa kiwanda, wachuuzi wa soko, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma karibu na mlango,

Tunawashukuru kwa kuja. Tunajua wengine wenu wametoka kazi ya usiku na macho yanataka usingizi. Hatutawaweka hapa mpaka jua lizame.

Neno lililotuleta ni moja. Kila mwaka, matokeo ya Egzameni ya Serikali yanapotoka, watu wanashika simu zao na kuanza kulinganisha. Likasi na Lubumbashi. Likasi na Kambove. Masomo ya Kikula na masomo ya Panda. Na mwisho wa mazungumzo, wakikumbuka, wanataja Kakontwe, kisha wanacheka. Wanasema huku kwetu tunatoa mawe ya chokaa, hatutoi wenye diploma. Na sasa tunasikia wazazi wengi wakisema: mwezi wa tisa tunaondoa watoto wetu hapa, tunawapeleka katikati ya mji, hata kama ni kulipa safari kila siku. Tumekuja kuzungumza nanyi kabla hamjafunga mizigo ya watoto.

Hatukuja kuwadanganya kwamba masomo ya hapa ni mazuri yote. Mnayajua kuliko sisi. Mnajua kalasi ambazo watoto watatu wanakaa kwenye benchi moja ya wawili. Tumekuja kuuliza juu ya ile hesabu yenyewe: imehesabu nini? Na imemhesabu nani?

Tuanze na egzameni. Ilianzishwa mwaka 1967, na kusudi lake lilikuwa jema: karatasi moja kwa watoto wote wa nchi wanaomaliza masomo ya sekondari, wawe Kinshasa au Sakania. Mtoto akipata nusu ya pointi, yaani 50 kwa mia, anapewa diploma ya Serikali. Nchi nzima imegawanywa katika mikoa ya masomo, nayo leo ni 60, na kila mkoa umegawanywa tena katika sehemu ndogo zenye wakuu wao na mainspekta wao. Basi matokeo yakitoka kila mkoa unapata hesabu yake, kila sehemu hesabu yake, kila nyumba ya masomo hesabu yake: walioketi ni wangapi, walioshinda ni wangapi kwa mia. Hiyo ndiyo palmare. Watu wanaisoma kama orodha ya mashindano ya mpira, huyu wa kwanza, huyu wa mwisho.

Lakini mpira una haki yake. Kila timu inaingia uwanjani na watu 11. Masomo hayaingii hivyo.

Ninyi mliofanya kazi Shituru, au kwenye kiwanda cha kusafisha mawe kule Kambove, mtatuelewa upesi. Jiwe linapoingia kiwandani, watu wa maabara wanachukua kipande na kukipima: shaba iliyomo ni ngapi kwa mia? Linapotoka kwa upande mwingine wanapima tena. Na yale matope yanayotupwa, nayo wanayapima, wajue ni shaba kiasi gani imepotea humo. Vipimo vitatu. Hakuna injinia atakayesimama mbele ya wakubwa wake na kusema kiwanda changu ni bora kwa sababu shaba yangu ni safi, bila kuulizwa: uliletewa mawe ya namna gani? Na kwenye matope umeacha ngapi? Mnajua vizuri kwamba hapa Katanga matope ya zamani yanachimbwa upya siku hizi, kwani kompani za zamani ziliacha shaba nyingi ndani yake.

Kwa jiwe tunapima mara tatu. Kwa mtoto tunapima mara moja, anapotoka. Tena ni yule anayetoka tu.

Tuchukue mfano. Hizi si hesabu za nyumba yoyote ya kweli, ni za kueleza tu, msiende kugombana na direkta wa mtu. Tuseme kuna nyumba mbili za masomo. Katika ile ya kwanza waliingia watoto 100 mwaka wa kwanza wa sekondari. Njiani 70 waliondoka: wengine kwa kukosa pesa, wengine waliambiwa kwamba nguvu yao ni kidogo, watafute mahali pengine. Wakabaki 30. Siku ya egzameni wakaketi 30, wakashinda 27. Palmare itaandika 90 kwa mia. Direkta atapigiwa makofi.

Katika nyumba ya pili waliingia vilevile 100. Waliondoka 20 tu. Wakaketi 80, wakashinda 48. Palmare itaandika 60 kwa mia, na watu watasema, aa, masomo yale yameanguka.

Sasa hesabuni diploma. Nyumba ya kwanza imeleta 27 nyumbani kwa wazazi. Ya pili imeleta 48. Watoto ni 100 huku na 100 kule. Ni ipi iliyofanya kazi?

Tunawaona wengine wanahesabu kwa vidole. Hesabuni tena, mtafika palepale.

Msidhani kwamba tunasema hivi kwa kuwa tulizaliwa na akili nyingi. Sisi wenyewe tulikamatwa na mtego huo. Tulikuwa na mtoto wetu nyumbani, hakuwa mjinga wala hakuwa wa kwanza. Tukasikia habari za nyumba moja ya masomo yenye sifa kubwa, jina lake hatulitaji. Tukauza vitu, tukamwingiza. Mwaka wa tano ulipokwisha tukaitwa. Tukaambiwa kwa upole sana kwamba mtoto amepita, lakini ingekuwa heri amalizie mahali pengine, maana mwaka wa sita ni mgumu. Hatukuelewa. Tukamtoa, tukamrudisha masomo ya mtaani, akaketi huko na kushinda kwa pointi 54. Mwaka ule ile nyumba yenye sifa ilikuwa juu sana kwenye palmare, na sisi tulikuwa tumelipa miaka minne ya sifa hiyo. Na aibu yetu kubwa zaidi ni hii: yale masomo ya mtaani yaliyompokea mtoto wetu, sisi tulikuwa kati ya wale waliokuwa wakiyacheka.

Basi, ikiwa nyumba za masomo hazifanani kwa mawe yanayoingia, mji nao haufanani na mji mwingine, wala mtaa na mtaa. Hapo lazima tukumbuke kidogo habari za Likasi, kwa kuwa vijana hawakuziona.

Wakati mji huu ulipoitwa Jadotville, mtoto wa mfanya kazi wa Union Minière alisoma kwa nguvu ya kompani. Kambi ilikuwa na masomo yake, kwa mkono wa wamisionari. Tusiimbe sifa za siku zile, kwani masomo yale yalitaka kumfanya mtoto awe mfanya kazi mzuri, si awe mkubwa wa mfanya kazi. Ilipofika mwaka 1960 nchi nzima ilikuwa na Wakongo wachache sana waliomaliza chuo kikuu, hawakufika 30. Lakini masomo ya kambi yalikuwa na benchi, yalikuwa na paa, na mwalimu alilipwa mwisho wa mwezi. Gécamines iliposhika mali ya Union Minière mwaka 1967 iliendelea na masomo hayo, na watoto wengi wa Likasi walipanda kwa ngazi ile.

Kisha ngazi ikavunjika. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 470,000. Mwezi wa tisa 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka. Ilipofika mwaka 1994 shaba ilikuwa kama tani 30,000 tu. Na katikati ya anguko hilo, mwaka 1992 na 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, wakalala na watoto wao kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni, wengine wakafa palepale. Walimu walikuwamo kati yao. Kuna kalasi hapa mjini zilizoamka asubuhi bila mwalimu, na wanafunzi wenzao wamekwenda. Hakuna palmare iliyoandika jambo hilo. Ni letu, tunalibeba.

Wakati uleule mishahara ya walimu wa Serikali ilikuwa imekuwa si kitu, wakagoma, na mwishowe wazazi ndio walioanza kuwalipa kwa mifuko yao. Tangu hapo mwalimu alikula kwa mfuko wa mzazi. Penye mzazi mwenye duka, mwalimu alikaa. Penye mzazi aliyengoja mshahara wa miezi mingi, mwalimu alitafuta mahali pengine. Na mwaka 2003, wafanya kazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengine waliomo humu ndani wanajua hiari hiyo ilikuwa ya namna gani. Pesa zile ziliisha. Watoto walikuwa bado mwaka wa pili, mwaka wa tatu.

Kwa hiyo mtu akiweka mtaa wa wafanya biashara upande huu, na mtaa wa waliofukuzwa kazi upande ule, akasema tazama, hawa wana 80 na hawa wana 55, anapima nini? Kwa sehemu kubwa anapima mfuko wa baba na sahani ya mama. Hilo si letu peke yetu. Huko Marekani, ambako wanapenda hesabu kuliko watu wote, kila wilaya ya masomo inalinganishwa na nyingine, na wenye pesa wanahama nyumba kufuata wilaya yenye pointi. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Stanford, jina lake Sean Reardon, alikusanya matokeo ya wilaya zaidi ya 11,000. Aliona kwamba pointi za watoto zinafuatana sana na mali ya wazazi. Lakini alifanya kile watu wa maabara wanachofanya: alipima watoto wakiingia kalasi ya tatu, na akapima tena wakiwa kalasi ya nane. Mwaka 2017 ikajulikana kwamba watoto wa Chicago, mji ambao masomo yake yalisemwa vibaya miaka mingi, walikwenda mwendo wa miaka sita katika miaka mitano. Walianza chini, lakini walitembea upesi kuliko wengi waliokuwa juu yao. Kwenye palmare ya kawaida hungewaona.

Na huko huko Marekani tumejifunza jambo la pili. Mwaka 2002 Serikali yao ilitoa sheria ya kuzipa adhabu nyumba za masomo zisizopanda kwa pointi. Katika mji wa Atlanta walimu na madirekta waliogopa kupoteza kazi, wakachukua karatasi za watoto, wakafuta majibu mabaya na kuandika mazuri. Ukaguzi wa mwaka 2011 ulikuta watu 178 katika nyumba 44 za masomo, na mwaka 2015 watu 11 walihukumiwa na mahakama. Tunawasikia mnacheka. Mnacheka kwa sababu mnajua kwamba hatuhitaji kwenda Atlanta. Kila mmoja wetu amesikia juu ya pesa zinazokusanywa mbele ya egzameni bila karatasi ya kupokea, na juu ya majibu yanayoingia kwa simu. Hatumtaji mtu. Tunasema tu kwamba ukimwambia mtu utakuwa mkubwa kwa hesabu, au utaanguka kwa hesabu, lazima uchunge kalamu yake.

Sasa wengine watasema: basi tufute hizo palmare, zikae kwenye sanduku la inspekta. Jirani zetu wamejaribu njia hiyo. Kenya, mwaka 2014, waziri Jacob Kaimenyi alikataza kupanga nyumba za masomo kwa namba. Tanzania nayo, mwezi wa kwanza 2023, baraza lao la mitihani lilitangaza kwamba halitataja tena masomo kumi ya kwanza wala wanafunzi bora, likasema jambo hilo linafaa kutangaza biashara ya masomo fulani tu. Tunaelewa sababu zao. Lakini sisi hatukubali. Tajiri hahitaji palmare, ana rafiki atakayemwambia masomo mazuri yako wapi. Ni mchimbaji na muuza unga ambao hawana rafiki wa namna hiyo. Ukificha hesabu, umemficha yeye peke yake. Sisi hatutaki hesabu ipungue. Tunataka iongezeke.

Iko njia nyingine, nayo ilifanyika kwa lugha yetu hii. Tangu mwaka 2009 na 2010, huko Kenya, Tanzania na Uganda, watu wa mpango unaoitwa Uwezo hawakungoja watoto kwenye kalasi. Walikwenda nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji, wakamkalisha mtoto mbele ya mama yake na kumpa hadithi fupi ya darasa la pili asome, na hesabu ndogo afanye. Aliyekwenda masomo alipimwa. Aliyeacha alipimwa. Ambaye hakwenda hata siku moja naye alipimwa. Kisha wakaweka wilaya kando ya wilaya. Hapo ndipo wakubwa wengi waliona aibu, kwani watoto wa kalasi ya tatu wasioweza kusoma hadithi ya kalasi ya pili walikuwa wengi kuliko wanaoweza. Lakini tazameni tofauti: katika hesabu ile hakuna mtoto unayeweza kumfukuza ili namba yako ipande. Ukimfukuza masomoni, watamkuta nyumbani.

Tena jambo hilo latuhusu sana sasa. Tangu mwezi wa tisa 2019 masomo ya msingi ya Serikali ni bure, na watoto wengi waliokaa nyumbani wamerudi. Ni haki yao, katiba ya mwaka 2006 inasema hivyo. Lakini kalasi zimejaa, na mwalimu mmoja ana watoto ambao hata majina yao hawezi kuyashika. Benki ya Dunia iliandika mwaka 2022 kwamba hapa Kongo watoto 97 kwa mia wenye umri wa miaka kumi hivi hawawezi kusoma maneno mepesi na kuyaelewa. Labda kipimo chao ni kikali, hatubishani. Hata wangekosea kwa nusu, ni msiba. Na watoto hawa waliorudi mwaka 2019 wanapanda, mmoja mmoja, kuelekea Egzameni ya Serikali. Wakifika wote, hesabu ya mtaa wetu itashuka, hata kama walimu wetu wamefanya kazi nzuri kuliko zamani. Na direkta anayeogopa kuchekwa atajua la kufanya ili isishuke.

Ndiyo maana tunawaambia wazazi wanaotaka kuondoa watoto: kama una sababu ya kweli, mtoe. Kama mwalimu haji kazini, mtoe. Kama mtoto wako yuko mwaka wa nne na hawezi kuandika barua, usingoje. Lakini kama sababu yako ni namba moja uliyoiona kwenye simu ya shemeji, nenda kwanza ukaulize. Tena ukauliza kule mjini unakompeleka, si hapa tu: mwaka ule wa kwanza waliingia wangapi, na wako wapi sasa? Direkta mwema atafungua daftari lake. Akikuambia daftari ni siri, umekwisha kupata jibu.

Na walimu wa hapa, ambao tunawaona wamekaa pale mbele, wasifikiri tumewapa mto wa kulalia. Umaskini wa mtaa ni kweli, lakini mwalimu anayekuja saa nne hakucheleweshwa na anguko la shaba. Tutakapopata vipimo vyote, vingine vitakuwa vibaya kwenu, na tutavisoma mbele ya watu vilevile.

Basi, kazi ni hii. Jumamosi ijayo, saa tatu za asubuhi, tutakwenda pamoja kwa madirekta wa masomo ya huku, kwa heshima, bila makelele. Tutaomba daftari za miaka sita, kila kalasi, walioingia na waliotoka. Mama zetu wanaojua kuandika waje na kalamu, tutanakili sisi wenyewe. Kisha tutapeleka barua kwa mkuu wa sehemu yetu ya masomo, tumwombe atoe hesabu za namna hiyo kwa Likasi nzima, mtaa kwa mtaa, ya walioingia kando ya ya walioshinda. Barua imekwisha kuandikwa, inangoja majina yenu.

Na kabla hamjatoka: wenye watoto walioacha masomo mwaka wa tatu, wa nne au wa tano, msione haya. Pale mezani kuna daftari la rangi ya buluu. Andikeni jina la mtoto, mwaka alioacha na sababu. Asiyejua kuandika, kijana huyu mwenye kofia atamwandikia.